Juu ya Ushirika wa Ana kwa Ana

Ushirika ni neno ambalo Wakristo wa Afrika Mashariki hulitumia kwa mambo mawili yaonekanayo kuwa mbalimbali. Mkutano wa waumini, wakaapo pamoja, wakaomba, wakaimba na kupeana habari za maisha yao, huitwa ushirika. Mkate na divai ya meza ya Bwana pia huitwa Ushirika. Neno lenyewe limeingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, na asili yake ni kuwa na sehemu katika jambo moja pamoja na mwingine. Wakulima wa kahawa na pamba walilichukua neno hilohilo kwa vyama vyao, kwa sababu katika chama kila mmoja ana fungu lake, katika faida na katika hasara. Lugha, basi, imekwisha kutoa hukumu yake kabla ya wanazuoni kukutana. Mtu hashiriki kwa kupata habari, bali kwa kuwa na fungu. Asikiaye kuwa nyumba ya jirani inaungua ana habari ya moto. Abebaye ndoo ya maji ana fungu katika moto huo.

Zamani tofauti hiyo haikuhitaji kuelezwa. Habari na mtu vilisafiri pamoja, na asiyekuja hakusikia. Siku hizi vimeachana. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120 katika Tanzania. Mwishoni mwa mwaka 2023 laini za simu zilizosajiliwa nchini zilizidi milioni 70. Mahubiri ya mji mmoja husikika katika miji mingine kwa saa ileile. Sadaka hutumwa kwa simu. Maombi ya alfajiri huandikwa katika kundi la WhatsApp, na waumini hujibu amina mmoja baada ya mwingine hata kabla ya kutoka kitandani. Je, mtu aliyesikia mahubiri hayo, akatuma sadaka yake na kuandika amina yake, ameshiriki? Na kama ameshiriki, ana haja gani ya kuvaa, kutoka nje na kutembea kwenda kukaa juu ya benchi gumu pamoja na watu ambao baadhi yao hawapendi?

Swali hili lina uzito, wala haifai kulijibu kwa kuwashutumu vijana au kuilaani mitambo. Lafaa lipimwe mahali ambapo ukaribu na umbali ni mambo ya maisha na mauti, wala si maneno ya majadiliano tu. Mahali pamoja pa namna hiyo ni Berega.

Berega iko katika wilaya ya Kilosa, mkoa wa Morogoro, katika nchi ya Wakaguru, si mbali na barabara itokayo Morogoro kwenda Dodoma. Mamboya, iliyo jirani, ni kituo ambacho wamisionari wa C.M.S. kutoka Uingereza walikifungua karibu na mwaka 1880, kandokando ya njia ya misafara iliyotoka pwani kupandia Mpwapwa. Injili ilifika huko kwa miguu. Mwaka 1927 iliundwa Dayosisi ya Tanganyika ya Kati, ambayo askofu wake wa kwanza, George Chambers, alitoka Australia. Na mwaka 1965 ikazaliwa Dayosisi ya Morogoro. Berega ikapata kanisa, ikapata na hospitali. Watu wa nchi hiyo wamejua kwa vizazi kadhaa kwamba msaada una thamani ukifika, na kwamba baina ya kutumwa na kufika kuna mto, kuna kilima, na kuna mvua.

Haki yataka upande wa pili usikilizwe kwanza. Wasemao kuwa umbali hauzuii ushirika wana shahidi mkubwa, naye ni Mtume Paulo. Sehemu kubwa ya Agano Jipya ni barua. Paulo aliwafundisha Warumi kabla hajawaona. Aliwakemea Wakorintho akiwa mbali. Aliwatia moyo Wafilipi akiwa kifungoni. Barua ilikuwa mtambo wa mawasiliano wa karne ya kwanza, na Kanisa liliutumia bila haya. Kama wino na karatasi viliweza kuchukua neno la uzima, hapana sababu ya kusema kuwa simu haiwezi.

Tena wapo watu ambao kwao simu ndiyo mlango pekee. Mzee ambaye miguu imemwacha, mgonjwa aliyelazwa mbali na kwao, mlinzi wa usiku Dar es Salaam asiyepata Jumapili ya mapumziko, msichana wa kazi ambaye mwajiri wake hampi ruhusa ya kwenda kanisani, Mtanzania afanyaye kazi Uarabuni pasipo kanisa karibu naye: hao wakisikia sauti ya nyimbo za kwao hupata nguvu ya kweli. Mtu mwenye miguu mizima hana haki ya kuwaambia kuwa wanachopata ni kivuli. Kwao ni chakula.

Lakini shahidi huyo akiulizwa zaidi, hutoa neno jingine. Katika barua zake Paulo hukariri shauku ya kuwaona wale anaowaandikia. Huwaambia Wathesalonike kuwa huomba usiku na mchana apate kuwaona uso kwa uso. Barua ya pili na ya tatu ya Yohana ni fupi mno, na zote mbili huishia kwa jambo moja: mwandishi ana mengi ya kusema, lakini hataki kuyamaliza kwa wino, anatumaini kuja, azungumze nao ana kwa ana. Waandishi hawa hawakuidharau barua, kwa maana waliiandika. Hata hivyo hawakuiita kuwa ndiyo ziara yenyewe. Kwao barua ilikuwa njia, na mwisho wa njia ulikuwa ni kukutana. Barua yenyewe ilihitaji mtu wa kuichukua: Fibi, mhudumu wa kanisa la Kenkrea, aombewa na Paulo mapokezi mema huko Rumi, na wengi hudhani kuwa ndiye aliyeichukua barua hiyo. Waumini wa Rumi walipata maneno ya Paulo pamoja na mgeni wa kumpokea, kumlisha na kumpa mahali pa kulala. Neno lilikuja likiwa na wajibu wake.

Hapa ndipo tofauti ya kwanza inapoonekana. Simu huleta neno bila mgeni. Huleta faraja isiyodai kitanda, na mahubiri yasiyodai mtu asogee kidogo kumpisha mwenziwe akae. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Hawakusema kuwa fimbo hiyo si fimbo, walisema haifiki.

Mwezi Januari mwaka 2014 mafuriko makubwa yaliikumba wilaya ya Kilosa, na barabara ya Morogoro na Dodoma ikakatika karibu na Dumila. Taarifa zilienea nchi nzima kwa muda mfupi. Lakini kwa familia iliyosombewa chakula na magodoro, taarifa haikuwa unga. Ilibidi watu waje, mahema yaletwe, na mgonjwa abebwe. Kila aliyesikitika kwa mbali alisikitika kwa haki. Walakini aliyehesabiwa kuwa jirani ni yule aliyefika.

Mtu aweza kujibu kuwa mfano wa mafuriko ni wa mahitaji ya mwili, na kwamba kanisa ni jambo la roho. Jibu hilo halisimami, kwa sababu Ukristo husimama juu ya imani kwamba Neno lilitwaa mwili. Mungu, ambaye kwa imani hiyo aliweza kunena kutoka mbinguni na kusikika, hakuona kuwa kusikika kwatosha. Alikuja akagusa wenye ukoma, akala pamoja na watoza ushuru, akaosha miguu ya wavuvi. Dini ya namna hiyo haiwezi kusema kuwa mwili ni kifuko cha roho tu, na kwamba roho ikipelekwa kwa mtambo kifuko chaweza kubaki nyumbani.

Berega yenyewe imetoa somo juu ya jambo hili. Mwaka 2009 gazeti la The New York Times lilichapa makala kutoka hospitali ya Berega juu ya vifo vya wanawake wakati wa kujifungua. Karibu na hospitali hiyo ilikuwapo nyumba ya kulelea watoto wachanga waliofiwa na mama zao, na utaratibu wake ulikuwa wa ajabu. Mtoto hakuachwa kwa wauguzi peke yao. Alikuja pamoja na ndugu wa kike wa ukoo wake, aghalabu msichana, naye aliitwa binti. Binti huyo alikaa hapo pamoja na mtoto, akamlisha, akambeba, akalala naye, hata mtoto akapata nguvu za kurudi kijijini.

Mtu mwenye hesabu za haraka angeuona utaratibu huo kuwa ni hasara. Muuguzi mmoja aweza kunyonyesha kwa chupa watoto kadhaa; fedha za maziwa zaweza kutumwa na ndugu walio mbali; kwa nini msichana akae miezi na miaka kwa ajili ya mtoto mmoja? Waliouweka walijua kuwa mtoto anahitaji vitu viwili, maziwa na mtu, na kwamba maziwa ni rahisi kuliko mtu. Walijua pia kuwa mtoto aliyelelewa vizuri na wageni angerudi kwao akiwa mgeni. Binti alikaa ili mtoto asipate kuwa mgeni kwa watu wake. Hakuna maelezo ya ushirika yaliyo bora kuliko hayo. Kazi ya kanisa, kabla ya mahubiri na nyimbo, ni kukaa na mtu ili asiwe mgeni.

Wala si watoto peke yao wenye haja hiyo. Mtu mzima hujifunza kuificha, lakini siku ya msiba hujulikana. Wakaguru, kama watu wengine wengi wa Tanzania, wana utani, na mtaalamu wa elimu ya jamii T. O. Beidelman aliandika juu yake mwaka 1966. Mtani ana kazi yake kifoni: hushika mambo ambayo wafiwa hawawezi kuyashika kwa uchungu, na hufanya mzaha ambao mwingine akiufanya ataonekana mwovu. Utani huo hautumwi kwa maandishi. Mzaha wa mtani ukiandikwa na kupelekwa kwa mfiwa aliyekaa peke yake chumbani, ni tusi. Hupata maana yake kwa sababu mtani huyo ameamka usiku, amekuja, na mikono yake ina udongo wa kaburi. Mikono ndiyo inayoupa mdomo ruhusa. Vivyo hivyo na faraja ya Mkristo. Maneno ya kumwambia mjane kuwa Mungu yupo ni mepesi mno yakitoka mahali ambapo msemaji hapungukiwi na kitu. Mtu aliyekaa mkekani naye siku tatu aweza hata kunyamaza, na mjane akaelewa.

Yote haya, hata hivyo, hayajafika kwenye kiini cha jambo. Ingewezekana kusema kuwa simu yafaa kwa siku za kawaida, na ana kwa ana kwa siku za dhiki. Lakini anayekuja siku ya dhiki ni yule aliyezoea kuja siku za kawaida. Na mazoea hayo yana adui ambaye si umbali, bali ni hiari.

Katika simu mtu huchagua. Huchagua mhubiri ampendezaye, na akichukiza humwacha katikati ya sentensi. Huchagua kundi la watu wa fikira zake, na likimuudhi hujitoa kwa kubonyeza mara moja. Katika kanisa la kijiji hakuna uchaguzi huo. Mwimbaji wa sauti ya kwanza ni yule mliyegombana naye juu ya mpaka wa shamba. Mzee wa kanisa ni yule aliyekunyima mkopo. Mtoto anayelia wakati wa sala ni wa jirani asiyejua kulea. Hao ndio ndugu ambao muumini amepewa, naye hakuulizwa. Amri ya kumpenda jirani haina maana kubwa kwa mtu ambaye amewachagua majirani zake wote, kwa maana huyo hupenda uchaguzi wake mwenyewe. Amri hiyo huanza kazi kwa yule asiyechaguliwa.

Ichukuliwe kuwa wanawake wawili wa kwaya moja wamekosana. Kama kwaya yao ni kundi la simu, mmoja atanyamaza, mwingine atajitoa, na kila mmoja atabaki na haki yake mpaka kufa. Kama ni kwaya ya kusimama bega kwa bega kila Alhamisi jioni, hawawezi kuendelea hivyo kwa muda mrefu. Ama mmoja ataacha kuja, na wote watauona upungufu wake katika wimbo, watume mtu kwenda kumwuliza. Ama siku moja watatazamana. Wahenga walisema wagombanao ndio wapatanao. Maana yake ni kwamba upatanisho ni mali ya watu wasioweza kukimbiana.

Historia ya kanisa la Afrika Mashariki ina ushahidi mkubwa wa neno hili. Mwaka 1929 Simeoni Nsibambi, Mganda, na daktari Joe Church, Mwingereza aliyefanya kazi Gahini nchini Rwanda, walikutana Kampala, wakasoma Biblia na kuomba pamoja. Katika miaka ya 1930 ukawaka uamsho ulioenea Rwanda, Uganda, Kenya na Tanganyika. Nguvu yake haikuwa katika mafundisho mapya, maana hayakuwapo. Ilikuwa katika mikutano midogo ambamo watu walikiri makosa yao mbele ya wenzao, wakarudisha vitu vya wizi, wakaenda nyumbani kwa waliowakosea. Mwafrika na Mzungu waliombana msamaha mbele ya watu, katika siku ambazo sheria na desturi za kikoloni ziliwatenga. Jambo hilo halingefanyika kwa barua. Msamaha ulioandikwa humgharimu mwombaji muda mchache. Msamaha ulioombwa mlangoni humgharimu kiburi chake, kwa sababu aombaye hajui mlango utafunguliwa kwa uso gani. Macho hayana pazia: huona na huonekana.

Yafaa sasa kuonya dhidi ya kosa la upande wa pili, yaani kudhani kuwa kukaa pamoja ni ushirika kwa kuwa tu miili imekaa pamoja. Wakorintho walikuwa chumba kimoja, na bado Paulo aliwaambia kuwa chakula chao si cha Bwana, kwa sababu wenye kitu walikula wakashiba bila kuwangoja maskini. Ukaguru nao una onyo lake. Beidelman, aliyefanya utafiti huko tangu miaka ya 1950, alitoa mwaka 1982 kitabu juu ya kazi ya C.M.S. katika nchi hiyo, akaonyesha kuwa wamisionari walihubiri undugu huku maisha yao yakiwa mbali na ya waumini wao. Walikuwa kituo kimoja. Hawakuwa na fungu moja. Na makanisa ya leo yasijidhanie kuwa yameponyoka: liko kanisa ambamo michango husomwa kwa sauti ili maskini aone haya, na ambamo siri ya toba huwa habari ya sokoni kabla ya Jumatatu. Mtu aliyejeruhiwa hapo akikimbilia simu, kosa la kwanza si lake.

Tena upo wakati ambapo kukaa mbali ndio upendo. Mwezi Machi mwaka 2020, ugonjwa wa Uviko-19 ulipoingia, Kenya na Uganda zilisimamisha ibada za pamoja. Kenya ilipofungua tena mwezi Julai iliruhusu watu wasiozidi 100 kwa muda wa saa moja, na wazee wenye umri uliopita miaka 58 walitakiwa wabaki nyumbani. Uganda ilifungua mwezi Septemba kwa watu 70. Tanzania haikuyafunga makanisa yake. Mwili uletao faraja ndio uletao maradhi, na aliyekaa nyumbani ili asimwambukize bibi yake hakumwacha bibi yake. Lakini miezi ile ilionyesha jambo jingine pia. Mahubiri yaliendelea kwa redio, kwa televisheni na kwa simu, na waumini hawakukosa maneno. Walichokililia ni meza, ni kuzika wafu wao kwa heshima ya watu wengi, ni kushikana mikono. Wangekuwa hawapungukiwi na kitu, wasingelia.

Kutokana na haya chaweza kupatikana kipimo ambacho ni cha haki kwa wote. Mtambo hauhukumiwi kwa kuwa ni mpya, wala mkutano hausifiwi kwa kuwa ni wa zamani. Kila kimoja kiulizwe kama kinafupisha au kinarefusha njia ya kumfikia jirani. Simu iliyomwambia kijana kuwa mzee fulani hakuonekana kanisani, naye akaenda kumjulia hali, imefanya kazi ya Fibi. Simu iliyompa kijana huyohuyo mahubiri kumi mazuri, asijue kwamba mzee huyo amelala njaa nyumba ya tatu, imemnyang'anya ushirika huku ikimshibisha dini.

Kipimo hicho chamgeukia pia mwenye miguu mizima kwa wajibu mmoja. Ikiwa mgonjwa na mzee hawawezi kufika, basi kusikiliza ibada kwa simu si mwisho wa haki yao. Wale wanaofika kanisani ndio wapasao kutoka kanisani na kuwaendea, wakiuchukua mkate mpaka mkekani kwao. Kanisa lililowapa wagonjwa wake kiungo cha matangazo, likaona limemaliza, limejifariji lenyewe.

Asiyekuwapo na lake halipo, wasema Waswahili. Methali hiyo hutumiwa kumwonya mtu asipoteze fungu lake kwa kutohudhuria. Yaweza kusomwa kwa upande mwingine pia: asiyekuwapo, fungu lake la kubeba limebebwa na mwingine. Kila benchi tupu lina mzigo ulioachwa juu yake, na yupo mtu, aghalabu mwanamke mmoja mnyonge, anayeunyanyua juu ya mzigo wake mwenyewe. Kabla ya kuuliza kama yeye aweza kumpata Mungu nyumbani, yampasa Mkristo kuuliza ni nani anayembebea.